Nilivyokwenda Torit Kujifunza Kuwindisha

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye hapa Kasubi ananishika mkono na kuniuliza swali lile lile: "Shabani, ulikuwa wapi?" Nikianza kujibu, anapita mtu nisiyemjua, nanyamaza, na habari inaishia hapo. Nimechoka kuikata vipande. Nimeamua kuiandika mara moja tu, mpokezane, muisome ndani ya nyumba, na mkiisha kuisoma muitie jikoni iwashe moto. Mambo ya vibali na mihuri nimeyaacha. Yalinichosha mimi, hakuna haja yawachoshe na ninyi.

Kasubi

Mnajua kwamba nilipata nafasi ya chuo kikuu. Mama aliwatangazia hata wauza mkaa. Mnajua pia hali ya chuo ilivyokuwa chini ya serikali hii ya wanajeshi: walimu wa somo nililopangiwa walikuwa wamekwisha kukimbilia nje, na mmoja aliingizwa kwenye gari mchana kweupe na mkewe hajamwona mpaka leo. Lakini nisijifanye kwamba ni hofu peke yake iliyonikimbiza. Nilikuwa na kazi niliyoitaka tangu nikiwa sekondari.

Kazi yenyewe ni kuwindisha. Mgeni anatoka Ulaya, amepewa ruhusa ya kuwinda nyati au pofu, lakini pori halijui. Mwindishaji ndiye anayemwongoza, anamtafutia mnyama, anasimama kando yake na bunduki ya pili. Mgeni akijeruhi mnyama, mwindishaji ndiye anayeingia kichakani kumfuata. Jirani yetu Bwana Olanya, yule Mwacholi mwenye masharubu, aliishi kwa kazi hiyo miaka mingi. Likizo mbili alinichukua kaskazini kumsaidia mpishi wake, na tangu hapo sikuwa na hamu ya kazi nyingine.

Kisha wageni wakaacha kuja, na Waacholi wakaanza kusakwa. Bwana Olanya akavuka mpaka kwenda Sudani, ambako vita vilikuwa vimekwisha na kampuni moja imeanza kupeleka wawindaji upande wa Torit. Alipokuja kutuaga alizungumza na baba mbele yangu.

"Maalim," alisema, "huyu akitaka, aje kiangazi kikianza. Nitakaa naye msimu mmoja. Akifaa, nitamfundisha mpaka apate leseni yake. Asipofaa, nitakurudishia akiwa mzima."

"Mtoto aliyepata chuo kikuu aende kubeba bunduki za Wazungu?" baba aliuliza.

"Kuzibeba ndio mwanzo, Maalim. Mimi pia nilizibeba."

Baba hakukubali, wala hakukataa. Alirudi madrasa kusomesha watoto, na kwa majuma mengi hatukulizungumza tena jambo hilo. Kiangazi kilipokaribia nilimwambia mama kwamba ninakwenda. Alilia, kisha akawasha jiko. Sukari ilikuwa haionekani madukani, kwa hiyo akanikaangia kabalagala, vile vitumbua vya ndizi mbivu na unga wa muhogo, maana ndizi ina utamu wake yenyewe. Baba alinisindikiza mpaka kituo cha mabasi. Aliniombea dua, akanishika bega, akasema, "Njiani usiwe msemaji." Akageuka akaenda zake upesi, nami nikaelewa kwa nini hakutaka nimwone usoni.

Kampala mpaka Karuma

Nilifuata agizo lake. Kilichonitia matatani hakikuwa wingi wa maneno yangu. Ni namna nilivyoyatamka.

Ndani ya basi nilikaa na mama mmoja mfanyabiashara kutoka Bunia, Kongo, mnene, mcheshi, aliyejaza vitenge chini ya kiti mpaka sikuwa na pa kuweka miguu. Aliitwa Mama Furaha. Tulipofika Bombo alikuwa amekwisha kuniuliza jina langu, kabila langu na kama nina mchumba. Mimi nilimtajia jina tu, mengine nilijibu kwa kutikisa kichwa na kumpa kabalagala.

"Ni mutamu," alisema, akachukua kingine. "Lakini weye ni bubu?"

Kabla ya Kigumba mkanda wa injini ulikatika. Tulishuka, tukakaa kwenye nyasi jua likituchoma. Dereva alilala chini ya basi akilaani, utingo akatembea kwenda kutafuta mkanda mwingine na akarudi na miwa. Mwishowe Mama Furaha alichana kipande cha kitenge, akakisokota kama kamba, akampa dereva. Basi likaenda. Liliunguruma vibaya, lakini lilikwenda, na mama huyo akahamishiwa kiti cha mbele kwa heshima zote, akasisitiza nami nihame naye kwa sababu chakula ninacho mimi.

Kwenye daraja la Karuma kulikuwa na kizuizi cha jeshi.

"Toka inje yote! Panga laini!" askari alipiga kelele.

Tukapanga mstari. Aliwapita watu kadhaa akiwapapasa mifuko, akafika kwangu. "Wewe natoka wapi?"

"Natokea Kasubi, afande. Ninaelekea Gulu kuwatembelea jamaa."

Alisimama. Alinitazama kama mtu aliyesikia mbuzi akisema. "Nani nafundisha wewe hii Kiswahili?"

"Hakuna, afande. Hiki ndicho tunachozungumza nyumbani."

"Ndicho!" aliiga, akamwita mwenzake. "Kuja sikia! Huyu nasema 'ndicho'! Hii mtu ya Tanzania!"

Ninyi mnajua uzito wa neno hilo. Tangu wale waliokimbilia Tanzania wajaribu kurudi kwa silaha, mtu wa Tanzania kwenye kizuizi ni jasusi, na jasusi hafiki kituo kinachofuata. Nilikosa akili. Badala ya kunyamaza nikaanza kueleza kwamba sisi ni watu wa Kampala kabisa, ni babu wa babu yangu tu aliyekuja na msafara wa biashara kutoka Bagamoyo.

"Bagamoyo iko wapi?" aliuliza yule mwenzake taratibu.

Wakanivua viatu, wakanichuchumaza nyuma ya pipa, mikono kichwani. Nilikuwa ninafikiria jambo moja tu: wakiniuliza nakwenda Gulu kufanya nini, na baada ya Gulu wapi, na huko kufanya nini. Kijana wa Kampala anavuka mpaka kwenda kujifunza bunduki. Nani angeamini kwamba ni bunduki za nyati?

Ndipo niliposikia sauti ya Mama Furaha. "Weye Shabani! Afande, unamushika mutoto yangu juu ya nini?"

"Huyu mutoto yako?"

"Ni mutoto ya dada yangu. Dada alikufa. Walimu wa shule ndio banamuharibu, sasa anasema sawa redio. Hata mimi simusikiagi. Uyu namupeleka Gulu anibebee bitenge. Shabani, simama! Ambia afande kama tunaenda kufanya nini!"

Nilisimama. "Afande," nilisema, "mimi nakwenda na mama, nabeba bitenge. Mimi iko mutu ya kubeba tu."

Kisha askari akacheka, na mwenzake akacheka, na mstari mzima ukacheka kwa woga. Walitaka kuviona vitenge. Mama Furaha akavitoa, wakachagua kimoja chenye ndege wa manjano, akawaambia kitawapendeza wake zao. Nikarudishiwa viatu.

Basi lilipokwisha kuvuka mto nilimshukuru huku nikilia. Alinipa leso, akanirushia macho makali.

"Kuanzia leo unasema bibaya," alisema. "Kila ukisema bizuri, nakupiga."

Na kweli alinipiga kidole sikioni kila nilipojisahau, mpaka Gulu. Abiria waliokuwa karibu wakanisaidia, huyu akinifundisha kuacha neno hili, yule akinikosoa nilipotamka 'r' mahali ambapo mtu wa kawaida wa Kampala angetamka 'l'. Baba amesomesha Kiswahili safi maisha yake yote. Mwanawe alikisahau kwa safari ya saa chache.

Gulu

Gulu nilikwama kusubiri lori. Kila siku niliambiwa linaondoka kesho. Mama Furaha alifikia kwa familia moja aliyofanya nayo biashara, nao wakanipokea bila kuuliza maswali, ambalo siku hizi ndilo jambo la kwanza la ukarimu.

Usiku wa kwanza waliandaa mboga ya majani yenye ufuta wa kusagwa, na ugali wa mtama. Mimi nilidhani ni mchicha. Nilikuwa na njaa, nikachota kijiko kikubwa nikatia mdomoni chote. Ilikuwa malakwang, na malakwang ni kali kama ndimu. Taya zangu zilikaza, machozi yakanitoka, na mwenye nyumba, mwanamke mpole, akadhani nimekumbuka msiba. Akaanza kunipa pole. Mimi sikuweza kufungua kinywa kumweleza. Mpaka tunalala, nyumba nzima ilikuwa inanihurumia kwa kifo ambacho hakikutokea. Siku ya pili niliila taratibu, na siku ya tatu niliomba niongezewe.

Lori lilipopatikana lilikuwa la ndizi, na dereva alikuwa Msudani aitwaye Lado, mtu wa maneno machache. Alinichukua kama kibarua wake. Mama Furaha alinifungia shuka begani.

"Sikuulizi unaenda wapi," alisema. "Naona tu unaenda mbali. Mungu wako na Mungu wangu bakutazame pamoja."

Sikumwambia. Ningependa kumwambia.

Nimule

Mpaka tuliuvuka. Nilikuwa juu ya ndizi, uso nimeupaka vumbi, na mtu alipouliza nilisema vibaya kama nilivyofundishwa. Tulipofika upande wa pili Lado alisimamisha lori, akashuka, akaketi chini akavuta sigara yake yote mpaka mwisho. Nikajua kwamba naye alikuwa ameogopa.

Nimule watu wanazungumza Kiarabu chao, kifupi na chepesi, kisichofanana na cha vitabuni. Mimi kwa furaha ya kuvuka nilijiona sasa niko huru kusema vizuri tena. Mwenye duka mmoja aliponiuliza, "Ita ge ruwa wen?", yaani unakwenda wapi, nilimjibu kwa Kiarabu cha madrasa, na irabu zote za mwisho, kama ninasoma msahafu.

Alinyanyuka akanibusu mkono.

Nilipofahamu kosa langu, tayari alikuwa amewaita majirani. Alikuwa Mwislamu, mkewe alikuwa amejifungua, na mjini humo hawakuwa na wa kumsomea mtoto dua ya kumpa jina. Sasa Mungu amewaletea sheikh kijana kutoka Kampala, juu ya lori la ndizi! Nilikataa kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa mikono. Wakaona ni unyenyekevu, wakazidi kuniheshimu. Lado angeweza kunisaidia, lakini alikuwa amekwisha kuona mbuzi akiletwa.

Basi nilifanya. Nilimwadhinia mtoto sikioni kama nilivyomwona baba akifanya mara nyingi, nikasoma nilichojua, na nilichojua kilitosha. Wakatuletea kisra, mikate myembamba kama karatasi, na mchuzi wa bamia kavu, na yule mbuzi. Walitukalisha mpaka siku ya pili jioni, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mgonjwa wa kuombewa. Nilimwombea bibi mwenye goti bovu, na mtu aliyepotelewa na ng'ombe. Kwa huyo wa ng'ombe nilitaka kucheka, lakini alipofumba macho na kuinua mikono sikuweza, nikamwombea kwa dhati.

"Sheikh," Lado aliniambia tulipoondoka. Ndilo neno pekee alilosema mpaka Torit, na alilisema mara nyingi.

Kambini

Kambi ilikuwa mbele ya Torit, tambarare mbele yetu na milima nyuma. Bwana Olanya alitoka hemani na masharubu yale yale, ila mwili umepungua.

"Umechelewa," alisema. Kisha akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi, akauliza habari za Kasubi mtaa kwa mtaa, nani yupo na nani hayupo. Nilipofika kwa wasiokuwapo aliniambia nipumzike kwanza.

Nilidhani kujifunza kuwindisha ni kupiga bunduki. Wiki za kwanza sikuigusa. Nilipaka ngozi chumvi mpaka vidole vikapasuka, nilichemsha maji ya kuoga ya wageni, nilisukuma gari kwenye mchanga. Mfuata nyayo wa kambi, Ohide, mwenyeji wa huko, Mlotuko mrefu, alinitembeza nyuma yake na kunikataza kukohoa. Jioni Bwana Olanya alinipa bunduki isiyo na risasi, niifungue na kuifunga nikiwa nimefumba macho. Baadaye alianza kunipeleka kulenga mti. Kila mara alirudia somo moja.

"Usimtazame mnyama. Mgeni anamtazama, mimi namtazama, huyo ana watazamaji wa kutosha. Wewe tazama nyuma yake. Risasi haijui kusimama."

Usiku nililala nikiota chuo kikuu, meza, vitabu, kivuli cha miti kilimani. Si siri kwamba mara mbili nilifunga mzigo wangu. Mara zote mbili asubuhi ilifika, Ohide akaja kunigusa mguu, nikaamka nikamfuata.

Karibu na mwisho wa msimu alikuja Mjerumani mmoja, daktari wa meno, mpole, mzee kidogo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitamani nyati. Tulitembea naye siku kadhaa bila kupata. Asubuhi moja Ohide akainua mkono. Dume zee lilikuwa limesimama peke yake, ubavu umetuelekea, na nyuma yake kulikuwa na nyasi ndefu ambazo moto wa kiangazi haukuzifikia.

Bwana Olanya alisimamisha fimbo ya kuegemezea bunduki, mgeni akaegemeza, akavuta pumzi. Mimi nilikuwa kushoto kwake na bunduki ya pili. Nikatazama nyuma ya nyati.

Upepo ulikuwa unavuma kuelekea milimani, na nyasi zote zilikuwa zimeinamia huko. Ila kifungu kimoja. Kifungu kimoja kilikuwa kinakuja upande wetu, kikipanda na kushuka, kama kinachotembea.

Hapakuwa na nafasi ya kusema. Sikujua hata neno la Kijerumani la kusema. Niliipiga bunduki ya mgeni kwa mkono kutoka chini kwenda juu, na ikalia papo hapo. Risasi ilikwenda mbinguni. Nyati akageuka na kuporomoka kwenye mto mkavu, ardhi ikitikisika.

Mgeni alinifokea, sijui maneno gani. Bwana Olanya alinikamata shati kifuani, uso umebadilika.

"Umerogwa? Shabani, umerogwa wewe?"

Nikanyoosha kidole kwenye nyasi.

Wanawake watatu walijitokeza kwenye nyasi. Walikuwa wanakata nyasi za kuezekea, na mmoja alikuwa amekwisha kujitwika mzigo wake. Alikuwa na mtoto mgongoni. Alitutazama, akauona mtutu, akaanza kututukana kwa Kilotuko kwa sauti iliyofika milimani. Ohide alijaribu kumjibu, akashindwa, akavua kofia.

Yule daktari aliilaza bunduki chini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto, kisha akaketi kando yake.

Jioni ile hakuna aliyetaka chakula. Bwana Olanya alikaa nami motoni muda mrefu akichezea masharubu.

"Mimi nilikuwa namtazama nyati," alisema mwishowe.

"Ndivyo ulivyonifundisha, Bwana. Wewe mtazame, mimi nitazame nyuma."

"Nilikufundisha," alikubali. "Lakini mtu hufundisha mambo mengi bila kujua nani anasikia."

Daktari hakuwinda tena. Siku zake zilizobaki alitazama ndege, nami nikawa namtembeza. Alipoondoka alinivika shingoni darubini yake, akapanda gari. Bwana Olanya akaichukua darubini siku hiyo hiyo.

"Nitakuwekea hapa," alisema. "Ukionekana nayo Karuma, mama yako hatakuona tena. Kiangazi kijacho utaikuta, na leseni tutaanza kuitafuta."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimefaa.

Kurudi

Kurudi kulikuwa rahisi mpaka Gulu, na kutoka Gulu nilikaa na fundi cherehani aliyebeba kichwa cha cherehani mapajani, kimefunikwa kanga. Alikuwa mtu wa makamo, mkimya. Tulipokaribia Karuma nilitia mkono mfukoni kutafuta leso, vidole vikagusa kitu baridi.

Lilikuwa ganda la risasi. Siku ya mwisho nililenga mti, nikaokota maganda kama nilivyozoea, na moja likabaki kwenye mshono wa mfuko. Basi lilikuwa limekwisha kusimama, askari amekwisha kupanda mlango wa mbele. Safari hii hawakututeremsha. Walikuwa wanapekua kiti kwa kiti.

Nadhani fundi aliuona mkono wangu, kwa sababu aliutazama, kisha akanitazama usoni. Akafunua kanga kidogo, akakilaza kichwa cha cherehani ubavu, akafungua kijifuniko cha chini kunakokaa vyuma. Hakunipokea, alinionyesha tu kwa macho. Nikalitumbukiza. Akafunga.

Askari alifika. Alinipapasa mifuko yote, akakuta kipande cha kisra kikavu, akakinusa.

"Hii nini?"

"Mukate, afande. Mukate ya safari."

Akakitupa. Akamgeukia fundi. "Na hii?"

"Chelehani, afande. Naenda kuishonea watu Bwaise."

Askari alifunua kanga. Akashika gurudumu, akalizungusha. Vyuma vikaenda, sindano ikapanda na kushuka mara mbili, na kutoka ndani kikasikika kitu kikigonga, tik. Nikafumba macho.

"Imeharibika," askari alisema.

"Ndiyo, afande. Natafuta mutu ya kuitengeneza."

Akaendelea na kiti cha nyuma.

Tulipokuwa juu ya daraja, maji yakinguruma chini, fundi alifungua kijifuniko, akanikabidhi ganda ndani ya ngumi.

"Kijana, mimi nina watoto," alisema kwa sauti ya chini. "Tupa."

Nikalirusha dirishani. Alifunika cherehani yake, akaegemeza kichwa, akafumba macho. Hakuniuliza lilikuwa la nini. Aliposhuka Bwaise nilimbebea ile cherehani mpaka kando ya barabara, na tukaagana kwa kutikisa kichwa tu.

Nyumbani

Niliingia Kasubi alasiri. Mama alikuwa anaanika nguo. Alinishika uso, mabega, mikono, kama anayehesabu kama vyote vipo, kisha akaketi chini palepale na kulia, huku akicheka na kumwita baba.

Baba alitoka madrasa na chaki mkononi. Watoto walikuwa wanachungulia nyuma yake, akawafukuza warudi kusoma. Tuliingia ndani, akafunga mlango, nikamweleza yote, kuanzia kitenge cha Mama Furaha mpaka cherehani. Nilipomweleza kwamba nilimwadhinia mtoto wa watu Nimule, aliuliza kama niliyasoma maneno yote kwa mpango wake. Nikasema ndiyo. Nilipofika kwa wale wanawake watatu alinyanyua mkono ninyamaze kidogo, akajipangusa macho kwa mkono wenye chaki, akabaki na weupe shavuni.

"Chuo kikuu wamempa mtu mwingine nafasi yako," alisema.

"Najua, Baba."

"Unataka kurudi kule?"

"Kiangazi kikianza. Ukiniruhusu."

Aliketi, akavuta pumzi ndefu. "Shabani, kila siku watu wananiuliza uko wapi. Msikitini, dukani, wazazi wa watoto. Nimewaambia uko Jinja kwa shangazi yako. Nimewaambia unaumwa, kisha unafanya kazi kiwandani, kisha unaumwa tena. Maalim mzima! Nilikuwa nasahau nimemwambia nani nini. Namwuliza mama yako usiku, leo mtoto mzima au mgonjwa?"

Mama alianza kucheka jikoni. Nami nikacheka, na baba akajaribu kujizuia akashindwa, akacheka mpaka akashika mbavu. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu wanajeshi waingie.

Kwa hiyo, ninyi mlioambiwa niko Jinja, msameheni. Na wewe, Mwanahawa, uliyemtumia shangazi dawa ya kikohozi changu, dawa ilifika. Shangazi ameinywa, na anasema imemfaa sana.

"Na kiangazi?" nilimwuliza baba tulipotulia.

Aliinuka, akafungua mlango, akarudi kwa wanafunzi wake. Nilimsikia akiwaambia wafunue ukurasa. Kisha akarudi hatua mbili, akachungulia.

"Jinja hawataamini tena. Shangazi yako wa Masaka," alisema, "afya yake ikoje?"